Sungura Aliyeitikia Shikamoo

Jumamosi nilisimama nyuma ya mama mmoja Mtanzania wa mtaa wa Sydenham, huku ughaibuni, kwenye dirisha la tiketi la bustani ya michezo. Alikuwa na ratiba kwenye karatasi: picha na watu waliovaa vinyago vya wanyama, dubu saa nne, na sungura saa tano, kabla mtoto hajachoka.

"Sungura haiko leo, mama," akasema karani, Mkongomani. "Mwenye kuivaa ni mgonjwa. Nguo iko kwa stoo, nimeifungia mwenyewe."

Binti wa miaka minne akamvuta mama yake sketi. "Nimeshamwona kule kwenye bembea. Nimemwamkia shikamoo, akasema marahaba."

Karani akashika funguo zilizoning'inia shingoni. Wavaa vinyago pale hawaruhusiwi kuzungumza, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kiswahili.

Mama akaikunja ratiba polepole.

Tunawafundisha watoto kumwamkia kila mkubwa. Hatujawahi kuwaambia wafanye nini akiitikia ambaye hayupo.