Pipa ya Nane

Tulikuwa watano pale kwa muto Semliki, na majina yote ningali nayo. Mimi, bwana yangu Isaka, Dorika, mutoto wetu wa mwisho, mwenye mimba yake ya kwanza, Mama Loyisi, jirani yetu wa Boga, na Yoasi mwenye baki ya kuvusha watu, mudogo wake Mama Loyisi, tumbo moja, aliyemuita yaya, ni kusema dada mukubwa.

Baki ya Yoasi haikuwa kitu ya serikali. Ilikuwa mapipa munane ya mafuta, matupu, ine kila upande, mbao juu yake, na kamba ya chuma ya kuvutia mpaka ngambo.

Siku ya soko, mbele ya vita kufika, tulivuka na maharagi yetu. Yoasi alizunguka na kijiti akigonga pipa moja moja, sawa alivyozoea. Pipa nzima inaitika. Yenye maji ndani inanyamaza.

Mama Loyisi akamuchokoza: "Yoasi, unabisha hodi kwa nani? Nani anaishi mule?"

"Iko upepo, yaya. Siku atahama, weye utaoga na nguo."

Dorika alicheka mpaka akakaa chini.

Juma iliyofuata, asubuhi, watu wa bunduki waliingia Boga. Sitasema ni wa nani. Niliacha chungu motoni, nikikumbuka chumvi nilikuwa bado kutia. Tukakimbia mpaka mutoni.

Yoasi alikuwa pale, kijiti mukononi. Akaanza kugonga. Ya kwanza. Ya pili. Sauti ilienda mbali juu ya maji.

Risasi zililia nyuma ya matete.

Alikuwa amegonga ya saba.

Mwanamuke mumoja kati yetu akasema: "Yoasi, acha! Batasikia!"

"Imebaki moja tu."

"Acha!"

Akatupa kijiti. Tukapanda.

Katikati ya maji, kona ya Dorika ilianza kushuka. Polepole, bila kelele.

Isaka akamushika.

Mbao ikageuka.

Isaka alibaki na kikwembe ya Dorika, kitenge yake ya kujifunga, mukononi.

Siye ine tulishika kamba ya chuma mpaka ngambo. Dorika hatukumupata, hata kumuzika.

Kisha tulikuja kujua: watu wa bunduki hawakufika mutoni siku ile. Walipita njia ingine. Tulikuwa na wakati ya kugonga yote munane, na kuirudilia.

Kule kambini Uganda, Yoasi hakupita karibu ya bido, dumu ya maji, bila kuigonga na kidole. Batoto walimucheka. Isaka hakuniuliza kitu juu ya siku ile. Yoasi na Isaka, wote wawili walibaki kule, mu udongo.

Sasa nimerudi inchi yetu, niko Nyakasanza, kwa wajukuu. Mukubwa wao, jina yake Dorika, ndiye ananisaidia kupanga maneno haya. Nilisoma miaka mbili tu.

Sauti ile yenye ilisema "Acha!" ilikuwa ya mwanamuke, na tulikuwa wanawake watatu. Mimi najua ilikuwa yangu. Nimeibeba miaka hii yote.

Lakini kichwa ya muzee inapoteza. Mama Loyisi, nasikia ungali muzima, uko Marabo. Hatujazungumuza hii hata siku moja. Wakikusomea, na kama nimekosea, unirekebishe. Kama ilikuwa weye, sitakuchukia, yaya. Kama ilikuwa Dorika mwenyewe, na hiyo uniambie. Na kama ilikuwa mimi, tuma tu neno: ilikuwa weye.