Kaburi la Aliyemuua Chinami

Shigeyo Inagaki ametengeneza tofu, jibini laini la soya, katika duka lake mjini Shibata tangu aolewe, na ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake. Binti yake, Chinami, alinyongwa nyuma ya duka hilohilo akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Muuaji hakupatikana, na sheria ya enzi zile ikaifunga kesi kwa kupitwa na muda. Hata akijitokeza leo na kukiri, hakuna wa kumshtaki. Shigeyo akaapa kumzika kwa mkono wake. Majirani walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wakamwacha.

Kila kumbukumbu ya kifo, mpelelezi aliyeshindwa kesi ile, Afande Kuramochi, huja kuwasha ubani mbele ya picha ya Chinami na kusema, "Nitampata." Mwaka huu, akiwa amestaafu, aliwasha, akainama, kisha akaketi kwenye chai yake bila ahadi ile.

"Leo umemeza ulimi, Afande?"

"Mama Chinami, nilimjua yule muuaji. Amekufa. Tuliza moyo sasa."

Shigeyo alikaa chini kwa kishindo. Hakufurahi hata chembe. Hasira ndiyo iliyokuwa ikimwamsha alfajiri kusaga soya. Bila hiyo angeamkia nini?

"Kazikwa wapi?"

"Eh?"

"Kaburi, Afande. Hata mwizi ana kaburi la ukoo na hekalu lake. Nitajie, nikalitemee mate."

Kuramochi aliitazama chai yake. Mpelelezi mzima, na swali hilo hakuliandalia jibu.

"Kumbe yu hai," alisema Shigeyo. "Nipe jina. Nakusihi, baba, nipe jina tu."

Mzee akainama mpaka paji likagusa mkeka. "Utaua, nawe ufie gerezani. Sitaki kuwapoteza wawili. Hamia kwa dada yako kule Sendai, mama. Mwaka huuhuu."

"Nihame? Nimkimbie nani?"

Shigeyo akageuza macho upande wa duka, maana mtu haambiwi akimbie kilicho mbali.

"Mama, vipande viwili, kama kawaida!" sauti iliita dukani.

Alitoka. Walisimama wanaume watatu wenye mvi, wateja wake tangu ujana wao, wakitaniana. Shigeyo aliitazama mikono yao, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akakata tofu, akawafungia, akawashukuru kwa kuja.