Ngoma Nilizoziweka Chini ya Wimbo wa Marisol

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na si kwa sababu nilifanya vizuri. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu hapa London, nahoji kila kitu, hata dua za mama yangu kwenye simu. Nikapata kazi katika redio ndogo ya mtaani, Neasden. Kipindi changu cha kwanza kilihusu watu weusi wa jiji hili na tofauti zao.

Nilikwenda Thamesmead, upande wa pili wa jiji, kumrekodi Marisol, Mkolombia mweusi, msafishaji wa maofisi. Jikoni kwake aliniimbia wimbo aliouimba kumuaga mwanawe mchanga aliyefariki. Kwao mtoto akifa watu huimba na kupiga makofi. Machozi, wanaamini, yatamlowesha mbawa za kimalaika ashindwe kupaa mbinguni. Tangu aje Uingereza alikuwa hajauimba.

Studioni niliuona mchangamfu mno kwa msiba. Nikautilia ngoma nzito za maombolezo, kutoka kanda moja ya muziki wa Afrika Magharibi.

Fundi wetu wa sauti, Mzee Fadhili, Mzanzibari aliyehamia huku baada ya Mapinduzi, alisikiliza hadi mwisho.

"Mwenyewe amesikia?"

"Ya nini, mzee? Ruhusa alishanipa."

"Wewe ukiitwa Mjamaika kwa kuwa tu u mweusi, unanuna wiki nzima. Leo umewafanya weusi wote kabila moja. Mpigie simu."

Marisol alikuja na sare ya kazi. Ngoma zilipoanza, akavua hedifoni.

"Hizi za nani?"

"Za Afrika, mama. Asili yetu sote."

"Nilijizuia kulia mbele ya jeneza lake. Wewe umemlilia."

"Niliogopa wasikilizaji hawatajua kuwa ni msiba."

"Si ungewaambia? Mdomo unao."

Nikasema nitaziondoa ngoma dakika ile ile. Akakataa. Alidai kanda yake, akaitia mkobani, akaenda kazini. Kipindi kilirushwa bila yeye, na wapo walionisifu. Mzee Fadhili aliendelea kukunja nyaya zake.

Nilihoji kila mtu, mwanangu, nikasahau kulihoji sikio langu. Nawe unayetengeneza vipindi na video, mwenye sauti aisikie kazi yako kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema ondoa, ondoa. Usiwaunganishe watu kwa kuwa rangi zao zinafanana. Waulize kwanza wanavyozika na wanavyocheka. Mungu akujaalie watu wa kukuamini, na wakishamaliza kusikiliza ulichokitengeneza, wawe bado wanakuamini.