Karatasi Nyingine

Mwalimu wa darasa la tatu, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa shuleni Toledo, Marekani, hulamba kidole kabla ya kuchomoa karatasi. Mtoto akiwahi kumaliza hesabu, humwambia kwa sauti tamu: "Umeshamaliza, mwanangu? Haya, chukua nyingine." Nyingine ni hesabu zilezile, namba tu zimebadilishwa. Hiyo ndiyo zawadi ya kuwa mwepesi. Septemba, Latrice, mwanafunzi wake, alimaliza karatasi tatu wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Januari nilimwona akifuta majibu sahihi na kuyaandika upya, polepole, jicho kwa wenzake. Siku ya kuteua watoto wa darasa la wenye vipaji, nikamtaja. Mwalimu akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Latrice? Wewe naye! Siku hizi si anamaliza wa mwisho?"