Rubani Aliyekanwa na Baba Yake

Mimi nilianza kuishuku kazi ya Kakenya siku aliponiambia kwamba wenye kazi hawataki pesa.

"Hata ya fomu?" nikamuuliza.

"Hata ya fomu, Mama Melvin."

"Na ya daktari wa kukupima?"

"Wanalipa wao. Hata tiketi ya kwenda interview walituma wao."

Nikaweka kikombe chini. Nimekaa Kitengela muda wa kutosha kujua kwamba tapeli ana mlango wake wa kuingilia, na ukishaujua mlango huo unalala usingizi. Akitaka ada ya usajili, umemjua. Akitaka umtumie kitambulisho, umemjua. Sasa huyu asiyetaka chochote anaingilia wapi? Kwetu hapa ploti moja huuzwa kwa watu watatu, na wote watatu wakapewa chai. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mbukusu wa Kimilili, na mume wangu alikuwa mmoja wa hao watatu. Kwa hiyo msiniambie niamini watu.

Kakenya alikuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango, binti wa Kimaasai kutoka upande wa Bisil, mrefu, mnyamavu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Alirusha vindege vidogo pale Uwanja wa Wilson. Aliwapeleka watalii Mara na Amboseli, akawarudisha wametapika, akapangusa viti mwenyewe. Majirani walidhani rubani lazima awe tajiri. Mimi nilimwona kila Jumapili akifua sare yake kwenye karai, ileile moja, nikajua hali ilivyo.

Sasa shirika kubwa la mizigo la ng'ambo lilikuwa limemwita, lile lenye ndege zinazobeba maua, simu, dawa, hata farasi wakiwa wamesimama. Alifaulu mahojiano. Alifaulu kwenye simuleta, ile mashine inayomzimia rubani injini makusudi ili waone atatokwa na jasho kiasi gani. Kilichobaki ni kumchunguza yeye ni nani na ametoka kwa nani, maana mtu hakabidhiwi ndege kama ile kabla asili yake haijajulikana. Kazi hiyo ya kuchunguza ilipewa kampuni fulani ya Nairobi.

"Watakuja kwangu?" nikasema.

"Watakuja bila kukwambia wanakuja."

Kweli alikuja kijana mmoja nadhifu, jina lake Okoth, ana tableti mkononi na viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwa Kitengela linatosha kumtia mtu mashakani. Nilikagua kitambulisho chake mbele na nyuma. Nilipiga simu ofisini kwao, nikapiga tena kuhakikisha anapokea mtu yuleyule, na muda wote huo yeye amesimama juani nje ya geti. Niliporidhika ndipo nikamwambia kwamba Kakenya ni msichana mwenye heshima zake.

Wiki iliyofuata Kakenya aliingia kwangu bila kubisha hodi, akakaa.

"Wamenipigia," akasema. "Okoth alienda nyumbani. Baba amemwambia hana binti."

"Labda hakuelewa swali."

"Alielewa. Aliulizwa kwa Kiswahili, halafu kijana wa pale dukani akamtafsiria kwa Kimaasai. Akasema hana binti, hajawahi kuwa naye."

Kampuni ilikuwa imempa nafasi moja tu. Okoth angerudi Bisil mara ya mwisho, na kama mzee angeshikilia maneno yake, Kakenya angeonekana mwongo aliyejitungia ukoo, na kazi angepewa mwingine. Lakini niliona si kazi peke yake iliyokuwa inamuuma.

"Nilikataa mchumba aliyenichagulia," akasema. "Nikadhani alinisamehe. Kumbe alishanifuta."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimchukia mzee yule kabla sijamwona, nikaapa tukienda Bisil Jumamosi ile nitamwambia la moyoni, iwe iwavyo.

Tulimkuta Mzee Sankale nje ya nyumba yake ya mabati, mtu mwembamba mwenye shuka begani na kofia ya sufu, anatutazama kwa macho ya kubana kama mtu anayekagua noti. Kakenya akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kwa salamu. Hapo nikajua tu nitateseka, kwa sababu Wamaasai hawakimbilii habari. Wakaulizana hali ya ng'ombe. Wakaulizana mvua, majani, mbuzi, na hali ya Koinet, kaka mkubwa, aliyekuwa mnadani. Mimi na hasira zangu nilimaliza chai nikaongezewa nyingine.

"Baba," Kakenya akasema hatimaye, "kuna mtu alikuja hapa kuniulizia?"

"Alikuja. Mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa shamba. Iko na gari mzuri, viatu safi. Ananiuliza niko na watoto wangapi. Boma ni ya nani. Huyu msichana anakaa wapi, huku anakuja lini. Wewe mwalimu, mtu mzuri anaweza uliza maneno kama hiyo?"

Ningemwambia nini, mimi niliyemwanika kijana wa watu juani?

Mzee akatueleza habari za jirani yake, Parmuat. Ardhi ya pamoja ilipogawanywa na kila mtu akapata hati yake, mgeni mmoja aliyevaa vizuri alifika kwa Parmuat akauliza maswali hayohayo. Parmuat ni mkarimu. Alimchinjia mbuzi, akamweleza kila kitu, watoto ni kina nani na yupi yuko mbali. Baadaye zikatokea karatasi zenye sahihi ya yule mtoto wa mbali, shamba likaondoka. Leo Parmuat anachunga kando ya barabara ya Namanga. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kajiado ya sasa, mgeni akija mwenyeji hukimbilia sandukuni kuangalia kama hati bado iko.

"Tangu hiyo siku," mzee akasema, "mtu akiuliza, mimi sina. Sina mtoto, sina ng'ombe. Hata bibi ningesema sina, ni vile Mungu alimchukua kweli. Na watoto hawahesabiwi. Unahesabu ndio kifo ijue wamebaki wangapi?"

Kakenya alikuwa amejifunika uso, mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Kumbe analia.

"Baba, yule hakuwa mwizi. Alikuwa anachunguza kwa ajili ya kazi yangu. Ndege kubwa. Ukisema huna binti, hawanichukui."

Mzee aliinuka akaenda zizini, akasimama huko akitazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Arudi."

Sheria ya kampuni ilikuwa kwamba anayechunguzwa asiwepo. Siku ya Okoth, Kakenya alibaki katika hoteli moja hapo Bisil, mimi nikaruhusiwa kukaa kwa kuwa nilikwisha kuhojiwa. Koinet alisimama mlangoni, amekunja mikono. Hakuna aliyemwamini mwenzake kwenye nyumba ile. Hata kikombe alichopewa, Okoth alikitazama kwanza.

"Mzee, last time uliniambia hauna binti," akasema. "Leo unasema uko naye. Nitajuaje hujafundishwa maneno?"

Mzee akamtazama mpaka kijana akainamisha macho.

"Kijana, ulishaona mtu akificha kitu hana?"

Okoth aliliandika jibu hilo kwenye tableti yake. Kisha akasema kwa upole kwamba swali lile bado lipo na lazima aliulize. "Uko na watoto wangapi, mzee?"

Niliona vidole vya mzee vikishika shuka, nikajua anaweza kusimama saa hiyohiyo akatufukuza sote, na kazi ya Kakenya ikaishia hapo.

"Kuhesabu sitahesabu," akasema. "Nitakuambia majina. Hesabu utafanya ukishaenda. Usifanye hapa, na mimi usiniambie."

Okoth akakubali kwa kichwa. Nikamgeukia Koinet. Hata mimi mgeni najua kwamba watoto wa boma hutajwa kuanzia kifungua mimba, na kwa jina la huyu hata marehemu mama yao aliitwa Ngoto Koinet, yaani Mama Koinet, maisha yake yote. Koinet naye aliinua kidevu, tayari kutajwa.

"Kakenya," mzee akasema.

Akasikiliza nje, kama anangoja kitu kibaya kiitikie. Kulikuwa na mbuzi tu. Koinet alishusha mikono, akamtazama baba yake. Ndipo mzee akaendelea na wengine, polepole, na Koinet akiwa wa pili.

Nilimkuta Kakenya hotelini amesimama, chai yake imepoa.

"Nimepita?"

"Okoth hajasema. Ameenda kuandika."

"Na Baba? Alikubali kutuhesabu?"

"Alikataa kabisa. Alitaja majina."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwemo?"

"Alianza na wewe," nikamwambia.

Kazi aliipata, mwisho wa mwezi. Lakini siku ile, pale hotelini, hakuiulizia tena.