Umesimama Ndani Yake

Tanuri la matofali likianza kupoa hutoa harufu ya majivu na udongo uliokauka, na mimi nikiisikia hata leo, hata nikiwa garini, lazima niteremshe kioo. Nililelewa mlimani, nyuma ya soko dogo upande wa Tawa, na mwaka ninaousimulia, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, baba alikuwa amechoma matofali ya nyumba yetu mpya. Alifanya kazi bandarini Mombasa, na kila likizo aliyopewa aliimalizia ndani ya shimo la udongo, matope hadi magotini, akifyatua matofali huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu. Tuliishi katika nyumba ya nyasi iliyovuja kila pembe. Matofali yalipangwa nyuma ya zizi, mekundu, yamefunikwa kwa majani ya migomba, na mimi Mwende, kifungua mimba wa nyumba ile, niliyakagua kila asubuhi nikichagua yapi yatakuwa ya chumba changu. Nilikuwa mtoto wa madaha, sikatai.

Kisha tukasikia kwamba michezo ya shule za mkoa mzima ingefanyiwa kwetu. Kwetu! Watu walidhani ni porojo za sokoni, mpaka greda likaja kulainisha barabara na mabomba ya maji yakalazwa hadi penye soko. Uwanja wenyewe ulikuwa tambarare, lakini watazamaji hawakuwa na pa kukaa ila kwenye mteremko uliojaa miiba. Kamati ya michezo ikawaita mwethya, kikundi cha kazi cha akina mama, ambacho mama yangu alikiongoza. Sasa niambie, mwanamke wa Ukambani afundishwe na nani kukata mlima? Wote walikuwa wamekulia kwenye mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Waliushika mteremko ule kwa majembe, wakaimba, wakataniana, na ngazi moja baada ya nyingine ikatokea mpaka ubavu wa mlima ukawa viti. Malipo yao yangekuwa ploti moja, inayotazamana na lango la uwanja.

Walipoahidiwa, ploti ile haikuwa na maana kwa mtu yeyote. Kando ya uwanja palikuwa pa kuchomea makaa tu. Lakini barabara ilipokamilika na maji yakafika, madalali waliovaa viatu vya kung'aa walianza kushuka kutoka mjini, na kipande kilichokuwa kikibadilishwa na mbuzi sasa kilitafutwa kwa ng'ombe na ndama wake. Jirani yetu Mzee Kioko aliuza upande wake wote wa barabarani kwa alasiri moja, akasahau kujiachia njia. Tangu siku hiyo ilimbidi amsalimie mwenye ploti kwa heshima zote ndipo apite na mbuzi wake kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Tulimcheka, jamani, mpaka tukaona wengine waliofanya vivyo hivyo. Mwenyekiti wa kamati naye macho yalimfunguka. Akatangaza sharti jipya kabisa: kila ploti ya langoni iwe na kuta zilizofika linta, pale juu ya mlango, kabla ya michezo kufunguliwa, la sivyo apewe mtu mwingine. Wafanyabiashara walikuwa na malori ya mawe. Akina mama walikuwa na majembe. Na tayari mfanyabiashara mmoja alishaonekana akiipima ploti ya akina mama kwa hatua zake, mwenyekiti akimfuata nyuma.

Jioni ile mama alirudi, akaweka jembe chini, akaenda moja kwa moja nyuma ya zizi, akasimama akiyatazama matofali. Mimi namjua mama yangu.

"Mwaitu, mama yangu, hapana," nikamwambia. "Hayo ni ya baba."

"Ni ya nyumba," akanijibu. "Na nyumba itajengwa."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Asubuhi wenzake walifika kwa mstari, ukanda kwenye paji la uso, wakayabeba matofali mgongoni kwa vikapu wakiteremka nayo mlimani, na mimi nikabebeshwa ya kwangu nikiwa nimenuna. Fundi wa kanisani alijitolea kujenga kwa chakula tu. Siku ya mwisho mwenyekiti alikuja na wanakamati, akapima kuta kwa utepe, akazunguka, akapima tena. Aligundua kwamba ukuta wa nyuma umepinda. Kweli ulikuwa umepinda, lakini kupinda hakukuwa kwenye sharti. Akina mama walimsindikiza kwa vigelegele mpaka akaongeza mwendo.

Michezo ilipofunguliwa mteremko ulijaa, wenye suti na wenye shuka wamekaa pamoja juu ya kazi ya mikono ya mama yangu, huku wakimbiaji wakitimua vumbi chini. Katika nyumba isiyo na paa akina mama walipika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe, na wateja hawakukatika. Hapo ndipo baba alipotokea. Alikuwa ameshuka basi, akapitia nyumbani kwanza, akakuta nyuma ya zizi pamebaki vumbi jekundu.

"Mama Mwende," akasema. "Nyumba yangu iko wapi?"

Mama alimpakulia chakula pole pole, akamkabidhi sahani. "Umesimama ndani yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba aliangalia kuta moja baada ya nyingine, akapapasa tofali kwa kidole gumba. "Huu umepinda," akasema. Akaweka sahani chini, akavua koti, akamwomba fundi mwiko. Aliubomoa ukuta ule akaujenga upya siku hiyohiyo, lakini mama hakusemeshwa mpaka Jumapili, tena baada ya mchungaji kuingilia.

Tuliendelea kulala chini ya nyasi mpaka nikaingia sekondari, karai la kukinga matone likiwa karibu na kichwa changu, na nyumba ile ya langoni ilipoezekwa, kodi ya vyumba vyake ikatusomesha sisi na watoto wa kikundi kizima. Siku hizi kando ya uwanja ule ardhi huuzwa vipande vidogo hata gari haligeuki, na wajukuu wa waliouza kwa ng'ombe wamepanga vyumba kwa akina mama. Aliyefariki, binti yake hupata fungu lake. Madalali bado huja, na bado hurudi walivyokuja. Mimi nina digrii yangu, nina ofisi Nairobi, na ninaishi vyumba viwili Embakasi ambavyo si vyangu. Najivunia mama yangu kuliko kitu chochote nilichopata kwa kusoma, na yeye analijua hilo, ndiyo maana hanionei huruma. Mwisho wa mwezi, akishamaliza kupokea kodi, hunipigia simu. Hata salamu hatujamaliza.

"Mwende," huniuliza, "mwenye nyumba wako hajambo?"