Mjomba Aliyesikiliza Glasi

“Nifungeni macho, mgonge glasi yoyote ya hoteli hii. Nikikosea kuitaja, niiteni mlevi!”

Mjomba alijigamba hivyo mbele ya wafanyakazi wote, siku ya kumuaga mpishi mkuu. Tulimfunga kitambaa cha meza usoni. Zikagongwa glasi tisa, akazitaja zote tisa. Na pombe hakuwahi kuonja hata tone.

Ndiye aliyeniingiza kaunta ya vinywaji baada ya chuo na mimi kuachana njiani, nikiwa na nusu stashahada isiyoweza kunipatia hata robo ya kazi. Akanifunza. Ya mvinyo mwekundu ina tumbo pana, kinywaji kipumue. Ya mweupe ni ndogo. Ishike mguuni, kiganja kisiipashe moto. Ya shampeni ni nyembamba, mapovu yasitoroke.

“Na hii ya martini, mdomo wazi kama mama yako akisikia umbea.”

“Mama yangu si dada yako, Mjomba?”

“Ndiyo maana namjua!”

Kila glasi akishaifuta, aliigonga ukingoni kwa ukucha na kuitegea sikio. Nzima huimba. Yenye ufa hukohoa, na hiyo huenda kwenye ndoo ya taka.

Mwaka wake wa ishirini na mbili kazini, masikio yakaanza kumuaga. Nilijua kwa sababu utani wangu alikuwa anauchekea mwisho, baada ya kuona wenzake wanacheka. Siku moja akanivuta stoo.

“Usimwambie mtu, mwanangu. Nje ya kaunta hii mimi si kitu.”

Tukapatana: yeye agonge, mimi nisikilize. Nikiinamisha kichwa, nzima. Nikikitikisa, itupwe. Tulikwenda hivyo miezi minane.

Kisha ikaja harusi moja, Jumamosi. Mjomba aligonga glasi ya shampeni, akanitazama. Mimi nilikuwa nawapigia soga wahudumu wa kike, nimefika penye utamu, nainamisha kichwa: “Eeh, ndivyo alivyosema!” Mjomba akaiweka ile glasi kwenye sinia. Ikampasua bibi harusi mdomo wa chini, damu ikamwagika hadi kwenye gauni.

Kesho yake meneja alimwekea glasi mbili mezani. “Mzee, ipi mbovu?”

Akagonga. Akarudia kugonga. Hakunitazama hata mara moja, asije akaniponza. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha pale. Na mimi, bingwa wa maneno, nikachukua kitambaa nikaendelea kufuta glasi.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwa daktari wa masikio. Njiani nikamwambia, “Mjomba, kosa lilikuwa langu.” Akatabasamu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Daktari alimpima, akasema kifaa cha kusikia kipo na kitamsaidia, ila kazi ya kusikiliza nyufa asahau. Akanisogezea karatasi ya bei.

Sikio moja, laki tisa na nusu.